Mwanafunzi Ni wa Nani?

Kanuni inayomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma kozi ya chuo kabla hajamaliza shule, au inayomzuia, kwa nje ni suala la fomu, muhuri na saini ya mkuu wa shule. Kwa ndani imebeba swali ambalo watu wa dini na wanafalsafa walilijadili muda mrefu kabla ya kuwapo wizara yoyote ya elimu: nani ana mamlaka ya kusema kwamba mtu sasa yuko tayari kujifunza jambo fulani? Likijibiwa hilo, hufuata la pili. Mwanafunzi akishaandikishwa katika shule moja, muda wake na akili yake vimekuwa mali ya shule hiyo, au shule imekabidhiwa sehemu tu ya malezi yake?

Marekani, ambako kila jimbo hujitungia sheria za elimu, maswali haya yalijibiwa kwa maandishi. Minnesota ilitangulia mwaka 1985 kwa sheria iliyowaruhusu wanafunzi wa madarasa mawili ya mwisho ya sekondari kusoma masomo ya chuo kwa gharama ya serikali, na masomo hayo kuhesabiwa kotekote, shuleni na chuoni. California hutaka mwanafunzi apendekezwe na mkuu wa shule yake, na kwa kawaida humwekea kikomo cha yuniti 11 kwa muhula katika chuo cha jamii. Majimbo hutofautiana kwa mengi, lakini karibu yote huzunguka mambo yaleyale: nani aruhusiwe, asome kiasi gani, nani alipe, na cheti cha huku kitambulike vipi kule.

Tanzania mfumo ulijengwa kwa njia nyingine. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Ufundi stadi ulipewa sheria yake mwaka 1994, ndiyo iliyounda mamlaka ya VETA, na vyuo vya ufundi vya ngazi ya kati vikapata yao mwaka 1997, iliyounda baraza ambalo leo linaitwa NACTVET. Kila sheria ilikuja na chombo chake, tathmini zake na orodha yake ya wanafunzi. Kijana wa Kidato cha Nne hujaza machaguo yake kwenye fomu iitwayo Selform, kisha ofisi ya TAMISEMI humpangia kidato cha tano au chuo cha kati. Ni kimoja au kingine. Yanapotoka majina, mzazi hutafuta jina la mwanawe katika orodha moja, na akilikuta huko hana sababu ya kuangalia nyingine. Mfumo umeshaamua kwamba mtu mmoja ana mahali pamoja pa kusomea.

Kibaha ndipo uamuzi huo unapoonekana kwa macho. Mwaka 1963, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, Tanganyika na nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Uswidi, zilianzisha mradi mmoja uliounganisha sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya. Nia ilikuwa kuwapiga maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Katika eneo la shirika hilo leo kuna Shule ya Sekondari Kibaha, inayopokea wavulana waliofaulu kwa alama za juu kutoka pande zote za nchi, na kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kinachofundisha umeme wa majumbani, ushonaji, uashi na fani nyingine za mikono. Mwajiri ni mmoja na ardhi ni moja. Wanaosoma humo ni watu wa aina mbili wasiokutana darasani.

Tofauti yao hudhihirika hata katika somo moja. Mwanafunzi wa sekondari anasoma umeme katika Fizikia, kwa Kiingereza. Anaandika kanuni ya Ohm, anakokotoa ukinzani wa vipingamizi vilivyofungwa sambamba, anapata alama zote. Mwenzake wa chuo, pengine wa rika lake, anasoma umeme kwa Kiswahili akiwa amesimama mbele ya ubao wa mbao uliofungwa swichi mbili na holda ya balbu. Anamenya ncha za nyaya kwa koleo. Anaupeleka waya wa moto kwenye swichi ya kwanza, anaziunganisha swichi mbili kwa nyaya mbili za kupokezana, kisha anatoa waya mmoja kutoka swichi ya pili hadi kwenye holda, ili taa ya ngazi iwashwe chini na kuzimwa juu. Akikosea, taa haiwaki, naye anajua palepale bila kusubiri matokeo ya mtihani. Wa kwanza anajua kwa nini taa inawaka lakini hajawahi kuiwasha kwa mikono yake. Wa pili anaiwasha kila siku, na hakuna aliyemweleza kwa nini waya mwembamba hupata moto. Kila mmoja ana nusu ya elimu moja, na nusu anayoikosa ipo ng'ambo ya uzio.

Falsafa ya taifa lenyewe haikutaka iwe hivyo. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotoka Machi 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule iliyomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aone kazi ya mikono ni ya walioshindwa. Alitaka shule iwe na shamba na karakana, na masomo yake yamtosheleze hata yule asiyeendelea mbele. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi kwa kutaka mhitimu wa Kidato cha Sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, sharti ambalo baadaye lililegezwa. Mwaka 1975, kwa msaada wa Uswidi na kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya huko, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi huviita FDC. Leo viko zaidi ya 50, kimoja kikiwa Kisarawe, wilaya iliyo katika Mkoa wa Pwani kama Kibaha.

Yaliyotokea baadaye yanajulikana na kila aliyesoma shule ya serikali miaka iliyofuata. Jembe liliingia shuleni, lakini katika shule nyingi liliingia kama adhabu. Aliyechelewa namba alipewa tuta la kulima, na aliyepiga kelele darasani alitumwa kufyeka. Kazi ya mikono ikabaki palepale alipoikuta Mwalimu, upande wa walioshindwa, safari hii ikiwa na muhuri wa nidhamu. Kosa halikuwa katika falsafa. Kazi haikupewa mwalimu wake, mtaala wake wala mtihani wake, hivyo mwanafunzi hakuona kitu cha kujifunza ndani yake. Na FDC, ambavyo vilikuwa na walimu wa fani na karakana, vilibaki nje ya shule, vikipokea waliokwisha kuiacha.

Mila na dini za watu wa Kisarawe zina jibu jingine kuhusu nani yuko tayari na wapi asome. Mtoto wa Kiislamu wa wilaya hiyo hutoka shule mchana, akala, akavua sare na kuvaa kanzu na kofia, au baibui na ushungi, akaenda madrasa mpaka inapokaribia Magharibi. Huko hapandishwi kwa umri. Anayeimudu sura huendelea na inayofuata, na anayekwama huirudia mpaka ulimi ukubali, hata kama wa rika lake wako mbali mbele. Mtoto wa miaka tisa aweza kumsikiliza wa miaka kumi na mbili na kumsahihisha, na mkubwa haoni aibu, kwa sababu kipimo kinachotumika ni kile alichokihifadhi. Huu ni usomaji wa sehemu mbili kwa wakati mmoja, umedumu vizazi kwa vizazi, na hakuna waraka wa wizara unaouratibu. Hakuna anayeuliza mtoto huyo ni wa shule au ni wa madrasa. Ni wa wazazi wake, na kila mwalimu ana haki juu yake kwa saa alizokabidhiwa.

Fikra ya Kiislamu kuhusu elimu yenyewe ina jambo la kuzingatiwa zaidi ya mazoea hayo. Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din aliigawa elimu ya wajibu mafungu mawili. Ipo fardhi ayn, ile ambayo kila mtu lazima aijue, na ipo fardhi kifaya, ambayo jamii lazima iwe na wa kutosha wanaoijua, vinginevyo wote wanabeba dhambi. Katika hili la pili hakuweka tiba na hesabu peke yake. Aliweka pia kilimo, ufumaji na ushonaji. Maana yake ni nzito kwa suala hili. Ikiwa kujua kushona au kujenga ni wajibu wa jamii nzima, basi kijana anayetaka kujifunza fani hiyo anataka kuwaondolea wenzake deni, na anayemfungia mlango kwa sababu tu jina lake liko katika daftari jingine anahitaji sababu nzito kuliko urahisi wa kutunza daftari.

Upande wa Ukristo, watawa Wabenediktini wa St. Ottilien waliweka kituo chao cha kwanza nchini katika vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe, mwaka 1888. Kilivamiwa na kuharibiwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Shirika lilirudi na kusonga kusini, na huko Peramiho na Ndanda kanuni yake ya sala na kazi ilizaa karakana za useremala, ufuaji chuma na uchapaji kando ya makanisa na shule. Kwa mtawa wa Kibenediktini kuranda ubao hakumshushi msomi. Minaki, Kisarawe, ambako Waanglikana walikihamishia Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925, palijulikana zaidi kwa kutoa walimu na wasomi wa kalamu. Njia hizi mbili za Kikristo zilikua kila moja kivyake, na nchi ilipopata uhuru iliirithi ile ya kalamu ikiwa na heshima kubwa zaidi.

Heshima hiyo haikutokana na majivuno matupu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na katika taarifa yake ikasisitiza kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: kilimo, usafi, kazi za mikono. Waafrika wengi waliliona hilo kuwa ni njia ya kuwafungia chini, kwa kuwa watoto wa Wazungu katika makoloni hayohayo hawakuelekezwa kwenye jembe. Shaka hiyo haijaisha, na ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kumruhusu mwanafunzi kugawa muda wake kati ya shule na chuo cha ufundi. Mlango ukifunguliwa, wa kupita watakuwa watoto wa maskini. Mtoto wa afisa atabaki na Fizikia na Kemia, mtoto wa mkulima wa Maneromango, Kisarawe, atashauriwa aende akajifunze uashi, na ushauri huo utaitwa uhuru wa kuchagua.

Hoja hii haijibiki kwa maneno matamu. Inajibika kwa namna mlango wenyewe unavyotengenezwa. Mlango wa kutokea tu ni mtego, kwa kuwa aliyekwenda karakana hawezi kurudi kwenye vitabu. Mlango wa kuingia na kutoka ni kitu tofauti kabisa, hasa ukipitwa na yule mwanafunzi bora wa Sekondari ya Kibaha anayetaka kufunga umeme kwa mikono yake kabla ya kwenda kusomea uhandisi. Mkono ukiachiwa walioshindwa mtihani peke yao, utaendelea kudharauliwa hata Serikali ikijenga karakana katika kila kata.

Hata namna ya kuhesabu mafanikio huingia hapa. Wakati Jokate Mwegelo akiwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, wilaya iliendesha kampeni iliyoitwa Tokomeza Zero, kupunguza idadi ya wanaopata daraja la sifuri Kidato cha Nne. Juhudi za Jokate zilikuwa za maana, na shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake imesimama wilayani humo. Lakini fikra ya ziro, ambayo ni ya mfumo wa nchi nzima, inastahili kuulizwa. Cheti cha mtihani hupima masomo yaliyotahiniwa. Kijana aliyejifunza kuchomelea madirisha kwenye kibanda cha mjomba wake huingia katika hesabu hiyo kama mtu asiyejua chochote. VETA imejaribu kulirekebisha hili kwa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa na kupewa cheti. Hapo taifa linakubali kwamba elimu ni elimu hata ikipatikana nje ya uzio, ingawa linamkubalia fundi aliyekwisha kuwa mtu mzima, na mwanafunzi aliye shuleni bado anasubiri.

Walioupata kwanza mlango wa pande mbili hawakuwa wanafunzi bora. Walikuwa wasichana waliotolewa shuleni. Kwa kanuni za mwaka 2002 mwanafunzi aliweza kufukuzwa kwa kosa la maadili au kwa kuingia katika ndoa, na kwa miaka mingi ujauzito ulihesabiwa humo. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wanaokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya tangazo hilo, shirika la Karibu Tanzania Organization likishirikiana na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi lilikuwa limeshaanzisha programu ya Elimu Haina Mwisho. Humo mama kijana husoma masomo ya sekondari kwa njia mbadala, huku akijifunza fani ya ufundi katika chuo hichohicho, na mtoto wake akilelewa kwenye kituo cha malezi chuoni. Asubuhi aweza kuwa na Hesabu, mchana ana cherehani. Kwa jina na kwa mpango ni chuo, lakini ndani yake mna shule.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Msichana aliyeonekana hafai tena kukaa darasani alipewa elimu kamili zaidi ya ile ya waliobaki darasani: vitabu na fani, akili na mkono, kwa wakati mmoja na bila mtu kusema mzigo umezidi. Ilitolewa kama fidia. Aliyetunukiwa nafasi katika shule bora hakuipata, kwa sababu hakuna aliyedhani ana upungufu wa kufidiwa. Ikiwa mama wa miaka kumi na minane, anayeamshwa usiku na mtoto, anaweza kusoma kwa namna hiyo, ile hoja kwamba mwanafunzi wa kawaida hana uwezo wa kushika mambo mawili inakosa mguu.

Hii haimaanishi kwamba dola haina haki ya kuweka mipaka. Inayo, na mipaka mitatu inatetewa kwa haki. Wa kwanza ni wa kumlinda mtoto asigeuzwe kibarua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto awe ametimiza miaka 14 kabla ya kufanya kazi, tena kazi nyepesi, na mafunzo ya fani yanayofanyika nje ya shule huteleza kwa urahisi yakawa utumishi wa bure. Wa pili ni wa kiasi. Ratiba ya sekondari ya Tanzania imejaa, na kozi ya chuo ikiongezwa juu yake bila kupunguza kitu, mwanafunzi ataacha kulala. Wa tatu ni wa ubora, kwamba mahali anapopelekwa pawe pamesajiliwa na mwalimu awe anaijua kazi. Mipaka yote mitatu inamhusu mwanafunzi mwenyewe. Ule usemao tu kwamba ameshaandikishwa kwingine unaihusu taasisi, na hapo ndipo dola huvuka kutoka kulinda na kuanza kumiliki.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imesogeza mambo. Elimu ya lazima imewekwa kuwa miaka kumi, na sekondari ya chini imegawanywa katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mwanafunzi wa amali husoma masomo ya shule pamoja na fani, na mpango ni kwamba atoke na cheti cha Kidato cha Nne cha Baraza la Mitihani, NECTA, pamoja na cha ufundi stadi kinachosimamiwa na NACTVET. Vyombo vilivyozaliwa na sheria tofauti vinakutana kwa mtu mmoja. Hata hivyo mikondo ni miwili, na anayeingia wa jumla bado hana njia rasmi ya kuchukua fani moja tu, kama vile bomba au umeme, kwa kuipenda au kwa kuihitaji baadaye.

Linalobaki ni la utekelezaji, nalo si dogo. Karakana ni ghali: mashine ya kuranda, mashine za kuchomelea, walimu wa fani ambao viwandani wangelipwa zaidi. Kumpa kila mwanafunzi fani kwa kujenga karakana katika kila shule kutachukua miaka mingi. Mahali kama Kibaha, ambako shule na chuo viko ndani ya eneo moja, ni nafuu zaidi kuruhusu mwanafunzi avuke mara mbili kwa wiki, saa zake za karakana zikaingizwa katika ratiba badala ya kuongezwa juu yake, na chuo kikalipwa kwa kila mwanafunzi kinayempokea. Kisarawe hali ni tofauti. Kutoka vijiji vya Maneromango au Mzenga hadi chuoni ni safari ya gari na nauli, na huko kinachowezekana ni mafunzo ya wakati wa likizo, mwanafunzi akilala chuoni kwa ridhaa ya mzazi. Kote kuwili italazimu NECTA na NACTVET wakubaliane jambo moja la kiofisi ambalo bila hilo hayo mengine hayaanzi: namba moja ya mwanafunzi inayosomeka katika orodha zote mbili.